Chupa Mbili za Seli Hadi Jeddah

Ikama yangu, kibali changu cha ukaazi, ilisema mimi ni mfanyakazi wa usafi, na kwa wiki nyingi haikudanganya. Niliosha vyombo vya vioo katika maabara moja ya utafiti jijini Riyadh. Shahada yangu ya biokemia ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, katika chumba tulicholala watu sita. Wakala wa Nairobi aliponiambia "kazi ya maabara", nilisahau kumuuliza ni kazi gani hasa. Si kwamba sikuwa na maswali. Nilikuwa nayo mengi mno, nikawa ninayapanga kwa umuhimu wake, na kabla sijafika kwenye hilo foleni ikasogea nikaambiwa nitie sahihi.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kukijaribu kitasa. Ujumbe wa mistari miwili naweza kukaa nao robo saa nikijiuliza kama "asante" peke yake itaonekana kama nimekasirika. Kwenye kuosha vioo tabia hiyo ilinifaa. Chupa zangu zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote, maana nilizisuuza mara saba huku nikihofia kwamba sita zilizotangulia hazikutosha.

Mkuu wa maabara tulimwita Doktora. Alikuwa Msaudi mwenye miwani minene, akitembea kwa kasi utadhani kuna kitu kinaungua chumba cha pili. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya bango la utafiti wake lililobandikwa ukutani, sponji mkononi, maji yakidondoka sakafuni.

"Unasoma au unatazama picha?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Ninasoma, Doktora. Samahani. Ila hapa kwenye mchoro wa tatu sijaelewa mnajuaje kwamba dawa imeisha kabisa ndani ya seli."

Maneno yakishatoka ndipo nilipoyasikia. Mwosha vyombo anamhoji profesa! Nilianza kuhesabu siku za kurudi kwetu Kitale. Doktora alinitazama, akaitazama sponji, akaurudia mchoro wa tatu.

"Hilo ndilo swali linalonisumbua mimi," akasema. "Umesomea nini wewe?"

Wacha nieleze alichokuwa akikitafuta, kwa sababu tangu siku hiyo kilinikaa kichwani kama wimbo. Karibu kila seli ya mwili inabeba jeni zote, lakini haizitumii zote. Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ileile. Tofauti ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Kufunga huko hakubadilishi DNA yenyewe. Ni alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu yake, na juu ya protini ilizojiviringishia. Elimu ya mambo hayo ndiyo epijenetiki. Chumbani kwetu niliwaeleza wenzangu kwa mfano wa Batha, soko tulilokwenda siku za mapumziko. Adhana ikisikika, wenye maduka hushusha milango ya bati. Bidhaa zimo ndani vilevile, hakuna kilichoondolewa; ni mteja tu asiyeweza kuingia. Sala ikiisha, milango inapandishwa. Sasa, je, kuna duka ambalo likifungwa muda wa kutosha hubaki limefungwa, hata sababu ya kulifunga ikiwa imeshapita?

"Hilo limefilisika," alijibu mmoja wao, na wote wakacheka. Mimi nililala nikitabasamu.

Doktora alikuwa ameunda njia ya kuziuliza seli swali hilo. Alichukua seli za binadamu zinazofugwa maabara, akazipandikiza jeni inayozifanya zing'ae rangi ya kijani. Kando ya jeni hiyo alikalisha protini moja iliyofanya kazi kama ndoano. Protini ya pili, ambayo kazi yake ni kufunga jeni, iliachwa ikielea tu ndani ya seli. Hizo mbili hazishikani zenyewe. Ukitia dawa fulani, dawa inaziunganisha: ya pili inavutwa hadi kwenye jeni, jeni inafungwa, kijani kinafifia. Ukiosha dawa, zinaachana. Basi swali likawa moja. Dawa ikiondoka, kijani kitarudi? Au seli zitakumbuka kwamba zilifungwa, na zikigawanyika ziurithishe ukimya huo kwa seli zitakazofuata?

Shida ya kufuga seli ni kwamba zinakula. Kila baada ya siku mbili lazima majimaji yake ya zamani yamwagwe zitiwe mapya, na hazijui kwamba Ijumaa ni mapumziko. Mafundi wa pale walikuwa na familia. Ijumaa maabara ilikuwa tupu kama uwanja baada ya mechi.

"Ijumaa wewe hufanya nini?" Doktora aliniuliza.

"Huwa ninawaza, Doktora."

Alicheka hadi akavua miwani. "Halas, basi. Njoo uwaze mbele ya seli zangu."

Ndivyo nilivyoingia. Kwanza nikazilisha seli kila Ijumaa, kisha nikahesabu seli chini ya darubini, kisha siku moja akanipa bomba dogo la kupimia, akasimama nyuma yangu, nikatia dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Tone lilianguka lilipotakiwa. Nilitoka pale nikitembea juu ya vidole. Nilimpigia mama simu, nikamwambia nimefunga jeni. Mama akauliza kama nimekula.

Tatizo lilikuwa muda. Mkataba wangu ulikuwa na kampuni ya usafi, nayo ilinipa miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, ingenipeleka kufagia jengo la maduka mwisho wa mji. Doktora alinikalisha akanieleza waziwazi.

"Utawala hautaki kusikia kwamba una bidii," alisema. "Unataka kuona kazi. Jaribio hili likifaulu, nitaandika barua wakuhamishe kutoka kwa kafili wako, hiyo kampuni inayokudhamini, uwe fundi wa maabara hapa. Lisipofaulu sina cha kuandika."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku chache. Jaribio lenyewe lilihitaji karibu wiki tatu: siku tano na dawa, kuosha, kisha wiki mbili bila dawa. Nilikuwa na chupa mbili. Yenye utepe mwekundu ilipata dawa ikaoshwa. Yenye utepe wa buluu haikuwahi kuionja dawa. Hiyo ilikuwa ya kulinganishia. Niliosha ile nyekundu mara nyingi kuliko nilivyoagizwa, kila mara nikinong'ona kama mtu anayesali.

Wiki mbili zilipokaribia kuisha, mashine inayosoma mng'ao wa seli mojamoja iliharibika. Kipuri kingechukua mwezi. Nikasema niziangalie kwa darubini, nitaona kama ni kijani au la. Doktora akatikisa kichwa. "Jicho lako lina njaa ya jibu. Litaona linachotaka." Rafiki yake mmoja Jeddah alikuwa na mashine kama ile. Doktora mwenyewe alikuwa na mkutano huko, angetangulia kwa ndege. Na gari la taasisi lilikuwa linakwenda Bandari ya Jeddah kuchukua vifaa vilivyokwisha kutolewa forodhani.

"Seli zitakwenda na gari," alisema. "Na wewe utakwenda na seli. Yalla, jiandae."

Dereva alikuwa Mkenya wa Machakos, mwenye miaka minane katika barabara za Saudia na imani kwamba hakuna jambo lililozidi uwezo wake. Mimi nilimwita mkubwa. Yeye aliniita daktari, kwa namna ambayo mtu humwita mbuzi wake bwana.

Tuliondoka alfajiri. Nilikuwa nimezijaza chupa majimaji hadi shingoni ili seli zisisukwesukwe njiani, nikaziziba, nikaziweka ndani ya kasha la kuhifadhia joto pamoja na mifuko ya maji moto. Seli hizi hutaka joto la mwili wa mtu. Nilipitisha waya wa kipimajoto ndani ya kasha, na kioo chake cha tarakimu kikabaki nje, juu ya paja langu.

"Thelathini na sita nukta tisa," nilisema tulipotoka mjini.

"Sawa."

"Thelathini na saba kamili."

"Daktari, hiyo ni redio? Utatangaza hadi Jeddah?"

Kilomita kama ishirini zikapita. Kisha nikafungua kasha nikachungulia. Zilikuwepo. Nikafunga. Nikaanza kuwaza kwamba kwa kufungua nimetoa joto, nikafungua tena kuhakikisha.

"Ukifungua hiyo kitu mara moja zaidi," dereva alisema, "nitakushusha hapa na ngamia. Mtoto akilala huwa hafunuliwi uso kila dakika. Tufanye makubaliano: hakuna kufungua tena mpaka tumalize milima ya Taif. Namba si unaiona hapo?"

Nikakubali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuahidi kutohakikisha kitu, na nilihisi wepesi wa ajabu, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Jangwa likapita, jekundu, kisha la kijivu. Nilimweleza habari ya ndoano na dawa na kijani. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hivyo unaziuliza kama zimesamehe," alisema.

"Ninaziuliza kama zimesahau."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, mkubwa."

"Basi wewe hujaoa."

Adhuhuri tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Ulikuwa wakati wa sala, pampu zimefungwa, duka limefungwa, na magari yamesimama yakisubiri. Nilikuwa nimejizuia kwenda haja tangu Riyadh kwa kuogopa kuziacha chupa peke yake. Sasa nilikimbia. Niliporudi, dereva alikuwa akijipepea kwa gazeti, kasha liko kitini nilipoliacha, kipimajoto kikisoma thelathini na saba. Pampu zikafunguliwa, tukajaza, tukaondoka. Sikufungua kasha. Nilijivunia. Kwa saa tatu nzima nilitazama namba hiyo ikicheza kati ya thelathini na sita na thelathini na saba, nikafikiri: tazama, dunia inaweza kwenda bila mimi kuishika.

Baada ya Taif tuliishika njia ya kuzunguka Makka, kwa sababu sote wawili ni Wakristo. Kwenye kizuizi cha polisi askari kijana aliomba ikama zetu. Aliitazama yangu, kisha kasha mapajani mwangu.

"Mfanyakazi wa usafi," alisoma. "Na hiki?"

Nilimpa barua ya Doktora yenye mhuri. Akaisoma polepole, akanitazama tena kuanzia juu hadi chini, akaashiria kwa kidole: fungua.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na mifuko ya maji moto na waya wa kipimajoto.

"Mafi," askari alisema. Hakuna kitu.

Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini yule askari alinyoosha mkono kama anayetaka kunidaka. Nilipekua mifuko. Nikapekua chini ya kiti. Wiki tatu, barua, kazi, vyote vilikuwa vimetoka ndani ya kasha lenye joto safi kabisa la nyuzi thelathini na saba.

"Unatafuta chupa?" dereva akauliza. "Si ziko kwa friji."

Katikati ya viti vyetu mlikuwa na friji ndogo ya gari, ile ya soda. Aliifungua. Chupa zangu mbili zilikuwa zimelala kati ya maziwa ya laban na kopo la soda ya machungwa, zikitoa jasho.

"Ulipokwenda choo jua lilikuwa linapiga hapo kwa kiti," alisema, na sauti yake ilianza kupungua alipoona ninavyomtazama. "Nimebeba insulini miaka mitatu, daktari. Chanjo pia. Vitu vya maabara vinakaa baridi. Kila mtu anajua. Nimekuokolea."

"Nilikuwa ninasoma joto mbele yako! Saa tatu!"

"Nilidhani unapima hewa ya gari."

Askari, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, aliturudishia ikama zetu na kutupungia mkono twende. Nadhani alituonea huruma.

Nilizitoa chupa. Zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Hapo akili yangu ilianza kazi inayoijua. Je, nizirudishe kwenye joto mara moja, zishtuke? Au polepole, zizidi kukaa baridi? Mwishowe nilifungua vifungo vya shati nikaiweka moja kwenye kwapa la kulia na nyingine la kushoto, nikajikunyata. Tuliingia Jeddah hivyo, hewa nzito ya bahari ikigandamana na vioo, mimi nikiwa nimekumbatia seli milioni kadhaa kama kuku aliyeatamia.

Dereva alizima kiyoyozi. Kisha akasema, "Unaweza kunyamaza tu. Nani atajua? Chupa haiongei."

Nililifikiria hilo kwa uzito, sitaficha. Nikinyamaza na matokeo yakawa mazuri, ningepata barua, lakini kila siku ningeketi maabara nikijiuliza kama ni jeni iliyokumbuka au ni baridi iliyozima kijani. Nikisema, nitakuwa mtu aliyepewa chupa mbili akashindwa kuzifikisha.

"Nitamwambia," nilisema.

Akapumua. "Basi mwambie ni mimi. Mimi nishazoea kupigiwa kelele. Wewe utazirai."

Doktora alikuwa akitungojea kwenye mlango wa maabara ya rafiki yake. Nilianza kuomba radhi kabla sijafika. Nilisema habari ya choo, ya jua, ya insulini, ya askari, na dereva nyuma yangu akiongeza kwa Kiarabu chake cha barabarani kwamba kosa ni lake, kabisa, halas, ni lake. Doktora aliinua kiganja.

"Zote mbili zilikuwa kwenye friji?"

"Ndiyo, Doktora."

"Pamoja? Ziliingia pamoja zikatoka pamoja?"

"Ndiyo. Zilikuwa zimegusana."

"Basi baridi haijui ipi ni nyekundu na ipi ni buluu."

Sentensi hiyo ikanishuka polepole. Kila kilichoipata nyekundu kiliipata buluu. Kama baridi imezima kijani, kitakuwa kimezimika kote kuwili, na tutajua. Kama buluu bado inang'aa na nyekundu haing'ai, basi ni kumbukumbu. Nilikuwa nimefundishwa maana ya kundi la kulinganishia chuoni, nikalijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, na sikuwahi kulielewa mpaka mchana ule, shati likiwa wazi.

Tuliziacha seli zipumzike kwenye joto hadi asubuhi. Baadhi zilikufa, zilikuwa zimeng'oka zikielea. Nyingi zilikuwa zimeshikilia chini ya chupa. Asubuhi nilizibandua, nikaziosha, nikazitia kwenye mirija miwili. Doktora aliniacha niipakie mashine mwenyewe.

Mashine ile hunyonya seli mojamoja na kuimulika. Kila seli inakuwa nukta kwenye skrini; yenye kijani inaangukia kulia, isiyo na kijani inaangukia kushoto. Tulianza na buluu. Nukta zikamiminika, na zikajaa kulia, kundi moja nene kama nyuki. Zilikuwa zinang'aa. Friji haikuzizima.

"Nyingine," alisema Doktora. Hakukaa tena kwenye kiti.

Nikaweka nyekundu. Nukta ya kwanza ilianguka kushoto. Ya pili kushoto. Ya tatu kulia. Kisha zikaanza kumiminika: kushoto, kushoto, kushoto. Chache zilikwenda kulia, lakini lile kundi kubwa, lile jeshi zima, lilitulia upande wa giza. Wiki mbili bila dawa. Zilikuwa zimegawanyika mara nyingi. Karibu hakuna hata moja mle iliyokuwepo siku nilipotia dawa. Hazikuwahi kuionja. Na bado zilikuwa zimefunga mlango, kwa sababu zilizozitangulia zilifunga.

Nilicheka kwa sauti. Siku zote furaha yangu huja na mkia wa wasiwasi, lakini ile ilikuja peke yake. Dereva, aliyekuwa akichungulia mlangoni kabla ya kwenda bandarini, aliuliza, "Zimesamehe?"

"Zimekataa kabisa!" nikamjibu.

"Basi hizo ni wanawake," alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Doktora hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya skrini, miwani imesukumwa kipajini, akinukuu namba kwenye daftari. Kisha alisema bila kugeuka:

"Mara moja si kitu. Lirudie, tangu seli mpya. Mara tatu. Na safari hii chupa mbili za ziada zitiwe baridi kwa makusudi, na mbili zisitiwe, tuone."

"Sawa, Doktora," nilisema. Halafu nikaanza kuhesabu, maana ndiyo kazi ya kichwa changu. Mara moja ni karibu wiki tatu. Mara tatu, hata zikipishana, ni mwezi na nusu au zaidi. Mimi nilikuwa nimebakiza siku sita kwenye mkataba. Nilihesabu tena kwa vidole, nyuma ya mgongo, asinione. Siku sita. Pengine amesahau. Pengine atampa fundi mwingine, na hii ni njia yake ya upole ya kuniaga.

"Doktora," nilisema, "nani atalirudia?"

Ndipo alipogeuka. Alinitazama kama alivyoitazama siku ile sponji.

"Nimuite nani? Nani mwingine atakayeosha chupa mara zote hizo?" Akafunga daftari. "Barua nitaiandika leo hapahapa, kabla ya sala ya adhuhuri. Nipe ikama yako ninakili namba."

Nilimpa. Nililisoma jina mara mbili kwanza, kuhakikisha kwamba ni yangu.